Njia Iliongezwa, Foleni Ikabaki: Kisa cha Mtandao wa Waifai katika Chuo Kimoja cha Dodoma

Katika mwaka wa masomo 2023/24, chuo kimoja cha elimu ya juu jijini Dodoma, ambacho sitakitaja jina, kiliongeza njia yake ya intaneti kutoka megabiti 200 hadi megabiti 400 kwa sekunde, baada ya serikali ya wanafunzi kuwasilisha malalamiko kwa maandishi mara mbili ndani ya muhula mmoja. Fedha zilizotumika zilikuwa zimetengwa kukarabati maabara ya kompyuta. Muda mfupi baada ya njia hiyo kufunguliwa, jaribio la mtandaoni la somo la takwimu liliahirishwa kwa sababu zaidi ya nusu ya wanafunzi waliokuwa ukumbini hawakuweza kulifungua, na mhadhiri akalazimika kurudi kwenye karatasi. Nilishirikishwa katika tathmini iliyofuata. Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu naamini vyuo vingi nchini vinatumia fedha zao kwa mpangilio huohuo: vinaanza na ununuzi ambao ungepaswa kuja mwisho.

Uzito wa jambo lenyewe ueleweke kwanza. Tangu vyuo vilipofungwa Machi 2020 na kufunguliwa tena Juni 1 mwaka huo, shughuli nyingi zilizokuwa za karatasi zimehamia mtandaoni na hazijarudi. Mwanafunzi anajisajili mtandaoni, anapata huko kumbukumbu namba ya malipo ya ada, anapakua nukuu za somo, anawasilisha kazi na kuangalia matokeo. Chuo hiki kina wanafunzi wapatao 4,000, ambao kati yao 1,200 hivi wanalala hosteli za chuo na waliobaki wamepanga mageto mitaani. Waifai ya chuo ikishindwa, mwanafunzi hununua bando, na kwa wengi bando hilo linatoka kwenye fedha ya chakula. Kwa hiyo mtandao usiofanya kazi ni gharama inayohamishwa kutoka kwenye bajeti ya taasisi kwenda mfukoni mwa kijana, na jambo hilo halionekani kwenye taarifa yoyote ya fedha ya chuo.

Foleni inaanzia wapi

Jaribio lililokwama lilikuwa kwenye Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, na seva ya Moodle ya chuo hiki, yaani kompyuta inayouhifadhi mfumo huo, iko katika jengo la utawala, upande wa pili wa uwanja kutoka ukumbini. Data ya mwanafunzi aliyekaa pale haikuwa na haja ya kutoka nje ya uzio wa chuo ili kuyafikia maswali. Njia ya nje, iwe ya megabiti 200, 400 au 4,000, isingebadilisha chochote siku ile. Jambo hili lilikuwa wazi kwa yeyote ambaye angeuliza seva iko wapi, lakini katika vikao vilivyopitisha ununuzi huo swali hilo halikuulizwa, kwa kuwa kila aliyesema “mtandao” alikuwa na maana ya intaneti.

Hesabu nayo inaonyesha hivyohivyo. Tuchukulie kurasa za jaribio zina ukubwa wa nusu megabaiti kwa kila mwanafunzi. Wanafunzi 300 wanahitaji megabaiti 150, yaani megabiti 1,200 (baiti moja ni biti nane), na wakifungua wote ndani ya dakika moja mahitaji ni megabiti 20 kwa sekunde. Ni mzigo mdogo kwa mtandao wa ndani uliojengwa vizuri, na ni sehemu moja tu ya ishirini ya njia mpya iliyokuwa imenunuliwa.

Tulichukua vipimo vya ruta iliyo mpakani mwa mtandao wa chuo, usiku na mchana, kila dakika tano, kisha tukavichora kwenye grafu. Saa nne asubuhi, muda ambao malalamiko ya madarasani hufikia kilele, njia ya nje ilikuwa haijafika hata nusu ya uwezo wake wa zamani. Kuanzia saa tatu usiku hadi saa sita, mstari wa grafu ulipanda hadi juu kabisa na kulala pale, na hali ilikuwa hivyo kabla na baada ya njia kuongezwa. Chuo kilikuwa na matatizo mawili yasiyohusiana. La mchana lilikuwa ndani ya kumbi, kati ya simu na aksesi pointi, yaani vifaa vinavyorusha waifai. La usiku lilikuwa la hosteli, na ndilo pekee lililohusu ukubwa wa njia.

Hewa ya ukumbini

Ukumbi wenyewe una viti 300. Ndani yake kulikuwa na aksesi pointi mbili, na nyingine mbili za korido zilizosikika humo kwa nguvu, zote nne zikirusha katika bendi (fungu la masafa ya redio) ya gigahezi 2.4, kwenye chaneli (kipande cha bendi hiyo) ileile. Waifai haina njia nyingi za kupita kwa wakati mmoja: vifaa vyote vilivyo kwenye chaneli moja na vinavyosikiana ni kama wajumbe wa kikao chenye kipaza sauti kimoja, ambapo mmoja akizungumza wengine husubiri, na anayezungumza polepole huchelewesha kikao kizima. Bendi ya 2.4 ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, nazo ni ya 1, ya 6 na ya 11. Bendi ya gigahezi 5 ina nyingi zaidi, lakini hapa ilikuwa imezimwa, kwa maelezo kwamba haifiki mbali.

Kilichonishtua kuliko vyote ni majina ya mtandao, yale ambayo simu huyaorodhesha inapotafuta waifai. Chuo kilikuwa na majina matano: la wafanyakazi, la wanafunzi, la wageni, la mikutano, na la mradi mmoja uliokwisha kufungwa. Kila aksesi pointi hulitangaza kila jina takriban mara 10 kwa sekunde, na tangazo hilo hutumwa kwa kasi ya chini kabisa iliyoruhusiwa kwenye mipangilio. Kasi hiyo ilikuwa imeachwa kwenye megabiti 1 kwa sekunde, kasi iliyowekwa kwa ajili ya vifaa vya zamani, vikiwemo vya kiwango cha waifai cha 802.11b cha mwaka 1999, ambavyo sikuona hata kimoja chuoni hapo. Tangazo la baiti 300 kwa kasi hiyo huchukua milisekunde 2.5 hivi. Likirudiwa mara 10, ni milisekunde 25 katika kila sekunde, yaani asilimia 2.5 ya muda wote wa chaneli kwa jina moja katika aksesi pointi moja. Majina matano kwenye aksesi pointi nne ni matangazo ya aina 20, na 20 mara 2.5 ni 50. Nusu ya hewa ya ukumbi ule, yaani ya muda wa chaneli, ilikuwa imekwisha kabla mwanafunzi yeyote hajatuma herufi moja.

Marekebisho ya hapo hayakununuliwa. Majina yalipunguzwa yakabaki mawili, na kasi ya chini ikapandishwa hadi megabiti 6, ambapo tangazo lilelile huchukua chini ya nusu milisekunde. Hesabu ikirudiwa kwa majina mawili na aksesi pointi nne, matangazo yanakula asilimia 3 na kidogo tu. Kazi hiyo ilifanywa na fundi mmoja wa Idara ya TEHAMA akiwa kwenye kiti chake, katika asubuhi moja.

Zipo sababu nyingine mbili zilizojificha ndani ya ukumbi huohuo, na zote zilijitokeza tulipokaa na wanafunzi badala ya kukaa na michoro. Msichana mmoja wa safu za nyuma aliinua simu yake akamwonyesha fundi: “Kaka, angalia, mtandao umejaa kabisa, lakini ukurasa haufunguki.” Fundi akamjibu, “Usiuzime kwanza, dada, niache niusome.” Vijistari vya mawimbi vilikuwa vimejaa kweli. Aksesi pointi zilikuwa zimewekwa kwenye nguvu ya juu kabisa ya kurusha, kwa imani kwamba nguvu kubwa ni huduma bora. Simu ya bei nafuu ina antena ndogo na nguvu kidogo, hivyo inaisikia aksesi pointi vizuri lakini yenyewe haisikiki kwa uhakika, na kila isiposikika inarudia kutuma, na kila inaporudia inakula hewa ya wenzake. Zabuni ya vifaa vile ilikuwa imeomba antena za masafa marefu. Kwa uwanja wa wazi ombi hilo lingekuwa na mantiki. Kwa ukumbi uliojaa watu ni kuagiza vurugu, kwa sababu kinachotakiwa pale ni aksesi pointi zaidi, zenye sauti ndogo, kila moja ikihudumia watu wachache walio karibu nayo.

Simu ya jirani yake ilikuwa na tatizo tofauti. Ilikwama kwenye hatua ya kupata anwani ya IP, namba inayokitambulisha kila kifaa kwenye mtandao, ikizunguka bila kuvuka. Fundi alipofungua ukurasa wa ugawaji wa anwani kwenye seva, tuliona sababu papo hapo: mtandao wa wanafunzi ulikuwa na fungu moja la anwani 254, na zote zilikuwa zimeshachukuliwa. Kila anwani ilikuwa inashikiliwa kwa siku nane, muda unaokuja na seva ya Windows kama haujabadilishwa. Simu ya mwanafunzi aliyepita koridoni Jumatatu akielekea maktaba ilijiunga yenyewe, ikachukua anwani, na ikaendelea kuimiliki hadi wiki iliyofuata, hata kama mwenye simu alikuwa amekwenda kwao Kondoa. Hii ndiyo sababu wanafunzi wa mwaka wa kwanza walilalamika zaidi ya wenzao: vipindi vyao vilianza saa nne, baada ya wengine kuwahi. Fungu lilipanuliwa hadi anwani 1,022 kwa kila eneo la chuo, na muda wa kushikilia ukashushwa hadi saa moja. Hapo pia hakikununuliwa kitu.

Ununuzi ulikuja baada ya hayo, nao ulikuwa mdogo kuliko uliotarajiwa. Ukumbi uliongezewa aksesi pointi zenye bendi mbili, zikafungwa darini juu ya viti badala ya ukutani, bendi ya gigahezi 5 ikawashwa, na nguvu ya 2.4 ikashushwa. Kulikuwa na wajumbe waliotaka bendi ya 2.4 izimwe moja kwa moja, kama baadhi ya miongozo ya nje inavyoshauri. Nilipinga na bado napinga. Simu nyingi za bei ya chini zinazotumiwa na wanafunzi wetu zina bendi hiyo moja tu, na kuizima ni kumfungia mlango mwanafunzi maskini kwa jina la ubora. Njia ya haki ni kuzisukuma kompyuta mpakato na simu zenye uwezo ziende kwenye 5, ili 2.4 ibaki na nafasi kwa wasio na pengine pa kwenda.

Niseme kidogo kuhusu umeme na vumbi, kwa kuwa Dodoma haiwezi kuandikwa bila vitu hivyo viwili. Umeme ukikatika kwa sekunde chache, swichi ya mtandao, kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao, isiyo na betri ya akiba huzimika na kuchukua dakika kadhaa kuwaka pamoja na aksesi pointi zinazolishwa nayo, na wanafunzi huona kukatika kwa robo saa pale ambapo umeme umecheza tu. Feni za swichi zilizofungwa kwenye makabati wazi zilikuwa zimejaa vumbi la kiangazi. Betri ndogo za akiba na makabati yenye vichujio viliingia kwenye orodha ya ununuzi mbele ya vifaa vipya vya waifai, na huo ulikuwa mpangilio sahihi.

Usiku wa hosteli

Tatizo la usiku lilikuwa la kweli kwa maana ambayo la mchana halikuwa. Video yenye ubora wa juu inahitaji karibu megabiti 5 kwa sekunde, hivyo watazamaji 80 wanatosha kuijaza njia ya megabiti 400. Hosteli zina wakazi 1,200. Juu ya video kuna simu zinazohifadhi picha mtandaoni zenyewe, na kompyuta zinazopakua masasisho ya programu usiku kwa usiku, kila moja ikivuta faili lilelile kutoka nje.

Pendekezo la kwanza mezani lilikuwa kufungia YouTube na mitandao ya kijamii kuanzia saa mbili usiku. Pendekezo hilo lina wafuasi wengi katika vyuo vyetu, na linasemwa kwa lugha ya malezi, kwamba wanafunzi wanacheza. Wahadhiri watatu wa chuo hikihiki walikuwa wanaweka masomo yao YouTube, na makundi ya darasa yanayopeana taarifa za vipindi yako WhatsApp. Kufungia tovuti ni kuamua kwa niaba ya mtu mzima nini ni masomo, na uamuzi huo mara nyingi unafanywa na mtu ambaye hajui somo lenyewe linafundishwaje. Zaidi ya hapo, kufungia hakugusi masasisho wala uhifadhi wa picha, ambavyo vina sehemu kubwa ya mzigo.

Kilichofanyika ni kugawa njia kwa haki kati ya watu. Hili lilihitaji jambo la awali: kuachana na neno la siri moja la chuo kizima, ambalo lilikuwa limebandikwa hadi kwenye duka la chipsi nje ya geti, na kumpa kila mwanafunzi jina na neno lake la siri linalofungamana na namba yake ya usajili. Mfumo usipomjua mtumiaji hauwezi kumgawia sehemu yake. Baada ya hapo ruta iliwekewa utaratibu wa foleni unaoitwa FQ-CoDel, uliochapishwa kama waraka wa kiufundi wa mtandao mwaka 2018, ambao huwapa wanaoomba kidogo nafasi ya kupita haraka na kuzuia mpakuaji mmoja mkubwa asijaze foleni ya wote. Mwanafunzi anayefungua ukurasa wa Moodle saa nne usiku hasubiri tena nyuma ya filamu ya jirani. Filamu inaendelea, kwa ubora wa chini kidogo. Kompyuta zinazotumia Windows ziliwekewa mpangilio wa kupeana masasisho zenyewe kwa zenyewe ndani ya chuo, ili faili moja lisipite njia ya nje mara mia.

Baada ya mabadiliko haya, mstari wa grafu usiku bado ulifika juu, na hapa ndipo ningekuwa tayari kutia saini ununuzi wa njia kubwa zaidi, kwa sababu sasa kilichokuwa kinabanwa kilikuwa kinajulikana. Nilishauri pia chuo kilinganishe bei ya mtoa huduma wa kibiashara na ile ya kupitia TERNET, mtandao wa elimu na utafiti wa Tanzania, ambao kwa upande wake umeungana na UbuntuNet Alliance, muungano wa mitandao ya aina hiyo wa mashariki na kusini mwa Afrika. Kwa njia hiyo hupatikana pia huduma ya eduroam, inayomruhusu mwanafunzi au mhadhiri mgeni kutoka chuo kingine kuingia kwa akaunti ya chuo chake, na kuondoa haja ya kuwa na jina la wageni, ambalo tumeshaona lilivyokula hewa.

Mei 2024

Tathmini ilikuwa imekamilika na marekebisho ya ukumbini yameshafanyika wakati mikongo ya baharini ya SEACOM na EASSy ilipoharibika Mei 12, 2024. Mikongo hiyo, ambayo ilianza kazi mwaka 2009 na 2010, ni milango mikubwa ya intaneti ya Tanzania kutoka pwani ya Dar es Salaam, na Dodoma inaifikia kupitia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Intaneti ya nchi ilidhoofika, na chuoni hapo huduma nyingi za nje zilikuwa kama hazipo.

Moodle iliendelea. Jaribio la takwimu la muhula wa pili lilifanyika ukumbini wiki ileile kwa sababu seva ilikuwa ndani ya uzio na hewa ya ukumbi ilikuwa imesafishwa. Kabla ya hapo kulikuwa na mpango wa kuihamishia seva hiyo nje ya nchi, kwenye huduma ya kukodi, ili kuipunguzia Idara ya TEHAMA kazi ya uangalizi. Sipingi huduma za kukodi kwa nakala za akiba wala kwa barua pepe, lakini kwa chuo cha katikati ya nchi, chenye njia moja ya kutokea, naona mfumo wa majaribio na mitihani ukae nyumbani.

Waliobaki nje ya uzio

Kati ya wanafunzi 4,000, marekebisho yote niliyoyaeleza yanawafikia walio ndani ya eneo la chuo. Wale 2,800 wa mageto wakifunga vitabu saa kumi na mbili jioni na kurudi Makulu au Ng'hong'hona, wanarudi kwenye bando. Kwao swali la upana wa njia linahamia kwenye ukubwa wa faili ambalo mhadhiri ameliweka.

Mhadhara wa saa moja na nusu uliorekodiwa kwa video ya ubora wa juu, kwa megabiti 5 kwa sekunde, ni faili la megabaiti zaidi ya 3,300. Sauti ya mhadhara uleule, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, ni megabaiti 43, na slaidi zake zikihifadhiwa kama PDF mara nyingi haziongezi nyingi. Kwa masomo ambayo mhadhiri anazungumza mbele ya slaidi, mwanafunzi anayepata sauti na slaidi amepata karibu kila kitu. Kwa somo la kuchora hesabu ubaoni video inahitajika, lakini hata hiyo inaweza kushushwa ubora hadi megabiti 1 na maandishi ya ubaoni yakaendelea kusomeka.

Tulipendekeza kanuni fupi: rekodi yoyote inayowekwa Moodle iambatane na toleo la sauti na slaidi, na video iwe na toleo la ubora wa chini linaloweza kupakuliwa chuoni mchana na kutazamwa nyumbani bila intaneti. Kamati ya taaluma iliipokea na kuipeleka kwenye mapitio ya mwongozo wa ufundishaji, ambayo yamepangwa kwenda sambamba na bajeti ya mwaka wa fedha unaofuata. Sioni kwa nini isubiri bajeti. Programu ya kubadilisha faili ni ya bure, kompyuta za kuifanya kazi hiyo zipo kwenye maabara ileile ambayo ukarabati wake uliahirishwa, na wanafunzi wanaonunua bando leo usiku hawahesabu muda kwa mwaka wa fedha.